Bosi Aliyekubali Kuchekwa

Jamaa anatembea usiku akirudi kwake. Mkora anamtokea gizani, anamwomba kiberiti, halafu anamtolea bastola. Pesa au maisha, anamwambia. Hapo panakuwa kimya. Kimya kinarefuka. Watu walioketi studioni wanaanza kucheka, wachache kwanza, kisha wote. Mkora anapandwa na hasira, anarudia: si nimekuambia, pesa au maisha! Na jamaa, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa akipiga hesabu, anamjibu kwamba bado anawaza.

Kichekesho hicho kilipeperushwa na redio ya NBC nchini Marekani tarehe 28 Machi 1948. Aliyevamiwa ni Jack Benny, na ukimsimulia kisa hiki mtu asiyemjua Benny, atatabasamu tu kwa heshima. Maneno yenyewe hayana maajabu. Ajabu ni kile kimya. Redioni, kimya ni balaa. Msikilizaji haoni uso wala mkono, kwa hiyo ukinyamaza sekunde tatu anadhani mitambo imekufa au betri zimeisha. Benny ananyamaza katikati ya wizi wa mabavu, na mamilioni ya watu majumbani hawagusi redio zao. Wanajua hasa kinachoendelea ndani ya kichwa chake. Kwa miaka kumi na sita, Jumapili baada ya Jumapili, wamefundishwa kwamba mtu huyu anapenda shilingi kuliko pumzi. Kwa hiyo wanautunga mzaha wenyewe, kila mmoja sebuleni kwake, kabla Benny hajafungua mdomo. Jibu lake likija ni risiti tu. Bidhaa walishanunua.

Nimekuwa nikisikiliza rekodi zake kwa miezi kadhaa sasa, usiku, simu kifuani na taa imezimwa. Ziko mtandaoni bure, mamia kwa mamia. Nilianza kwa sababu kazi za kubangaiza za uandishi zina malipo yanayochelewa, na burudani ya bure ni burudani. Nimeendelea kwa sababu nyingine. Kazi yote ya Benny imesimama juu ya uamuzi mmoja: mwenye kipindi ndiye atakayechekwa. Uamuzi huo ulimfanya kuwa mmoja wa wachekeshaji wakubwa wa enzi ya dhahabu ya redio. Lakini una mpaka, na mpaka huo una jina. Jina lake ni Rochester.

Kwanza Benny mwenyewe. Alizaliwa Chicago tarehe 14 Februari 1894, akaitwa Benjamin Kubelsky, akalelewa Waukegan, mji ulio kando ya Ziwa Michigan kaskazini ya Chicago. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya Mashariki. Baba aliendesha baa, baadaye duka la nguo, na kama wazazi wengi wahamiaji alitaka mtoto awe mtu wa maana. Wakampa fidla akiwa bado mdogo. Shuleni hakufika mbali, alifukuzwa sekondari. Sisi tulioondoka chuoni bila joho wala kofia huwa tunakusanya majina kama haya na kuyaweka mfukoni kwa ajili ya wajomba kwenye harusi. Lakini Benny hakuacha shule ili awe bingwa wa kitu kingine. Aliacha ili awe mpiga fidla wa wastani.

Alianza kwenye bendi ya ukumbi wa maonyesho pale Waukegan, kisha akaingia kwenye vodevili, yale maonyesho ya jukwaani yaliyozunguka miji ya Marekani yakiwa na waimbaji, wacheza sarakasi, mbwa waliofunzwa na wachekeshaji, kila mmoja na dakika zake chache. Hata jina lilimpa taabu. Kulikuwa na mpiga fidla maarufu aitwaye Jan Kubelik, na wakili wake hakufurahia kusikia kuna Kubelsky. Kijana akajiita Ben K. Benny. Kumbe kulikuwa pia na Ben Bernie, mwanamuziki na mchekeshaji, naye akalalamika. Ndipo akawa Jack Benny. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa katika jeshi la majini, na kwa simulizi yake mwenyewe, siku moja aliwapigia mabaharia fidla wakamzomea. Akateremsha ile fidla akaanza kuongea nao. Wakacheka.

Nadhani mtindo wake wote umo humo. Mtu anazomewa, na badala ya kupigania heshima yake, anaigeuza aibu kuwa mali. Baada ya hapo fidla ilibaki mkononi mwake maisha yake yote, ila sasa kazi yake ilikuwa kupigwa vibaya. Na kupiga fidla vibaya kwa namna inayochekesha kila mara, bila kuudhi sikio kupita kiasi, kunahitaji uijue vizuri.

Alipata kipindi chake cha redio tarehe 2 Mei 1932, kikidhaminiwa na soda za Canada Dry. Siku hizo mdhamini ndiye aliyekuwa mwenye saa ile ya redio, na jina lake lilitangulia la msanii. Benny alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitania bidhaa aliyolipwa kuisifu. Canada Dry hawakuchekeshwa, wakamwacha. Baadaye watengenezaji wa jeli ya Jell-O walimchukua, wakamwachia autanie unga wao anavyotaka, na unga ukauzika kweli kweli. Kwa miaka kadhaa alifungua kipindi kwa kuwaamkia wasikilizaji kwa jina la jeli. Yeyote anayesikiliza redio za asubuhi kwenye matatu za Nairobi, pale mtangazaji anapokatiza kicheko ili asome tangazo la kamari kwa sauti ile ile ya kicheko, atauelewa mpango huo bila kuelezwa.

Mwandishi wake wa kwanza, Harry Conn, alishirikiana naye kuvunja mtindo wa vodevili wa kusimama na kumwaga vichekesho kimoja kimoja kama njugu. Badala yake waliunda familia ya uongo: kipindi kinachohusu watu wanaotengeneza kipindi. Mtangazaji Don Wilson, mnene na mwenye furaha. Mary Livingstone, mke wa Benny katika maisha halisi, ambaye kipindini hakuwa mke bali rafiki mwenye ulimi mkali. Phil Harris, kiongozi wa bendi, mlevi wa kujitangaza. Dennis Day, mwimbaji kijana asiyeelewa kitu hadi ukamshuku kwamba anaelewa vyote. Na katikati yao Benny: bahili, mwenye majivuno, mwenye umri wa miaka 39 mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka utakaofuata.

Angalia nani anapata vicheko. Mary anamkata Benny, watu wanacheka. Phil anamdharau, watu wanacheka. Muuza duka, daktari, karani wa stesheni, kila mtu anayepita anamwacha Benny akiwa amevuliwa nguo. Yeye anabaki na neno moja la mshangao, au na kimya. Kuna wachekeshaji wa enzi ile waliohesabu mistari katika mswada ili wahakikishe hakuna aliyewapita. Benny aliigawa mistari kama mtu anayegawa sadaka. Huyu ndiye aliyejulikana taifa zima kama bahili.

Na ubahili wenyewe ulijengwa kwa sauti tupu, jambo ambalo sisi wa kizazi cha skrini tunapaswa kulisikiliza kwa makini. Alikuwa na gari la uongo aina ya Maxwell, kuukuu kiasi cha kuitwa mabaki. Sauti yake ya kukohoa na kufa barabarani ilitoka kwenye koo la mtu, Mel Blanc, huyo huyo aliyempa Bugs Bunny sauti. Alikuwa na chumba cha hazina chini ya nyumba: unasikia nyayo zikishuka, minyororo, milango ya chuma mmoja baada ya mwingine, kengele zikilia, na mwisho mlinzi mzee aliyekaa huko chini muda mrefu mno hata hana habari za duniani. Hakuna kamera ambayo ingeweza kuonyesha chumba hicho. Kila msikilizaji alikichimba mwenyewe, na kila aliyekichimba alikifanya kirefu zaidi ya jirani yake.

Alijua pia thamani ya bifu kabla wasanii wetu hawajazaliwa. Kuanzia mwisho wa 1936 yeye na mchekeshaji mwenzake Fred Allen walitukanana kila mmoja kwenye kipindi chake, miaka nenda miaka rudi, huku nje ya studio wakiwa marafiki. Halafu mwisho wa 1945 waandishi wake wakabuni shindano: wasikilizaji waandike kwa nini hawamvumilii Jack Benny, na washindi wapewe zawadi. Barua zaidi ya 250,000 zilimiminika. Hebu fikiria mwenye kipindi anayelipa watu ili wamtukane. Sidhani kuna ushahidi bora wa kwamba alikuwa ameielewa kazi yake.

Sasa Rochester.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 28 Machi 1937, kipindi kilimhitaji mhudumu wa treni kwa dakika chache. Akachukuliwa Eddie Anderson, mwigizaji Mweusi mzaliwa wa Oakland, California. Mama yake alikuwa mcheza sarakasi wa kutembea juu ya kamba, baba yake msanii wa jukwaani. Utotoni Anderson aliuza magazeti mitaani San Francisco, akipaza sauti kushindana na wauzaji wengine, hadi koo likaharibika asipone tena. Sauti iliyobaki ilikuwa ya mikwaruzo, kama mlango wa mabati unaofunguliwa kwa dharau. Ukiisikia mara moja huisahau. Wasikilizaji waliipenda, akaitwa tena, na katika mwaka huo huo akawa Rochester, mtumishi wa nyumbani wa Benny: mpishi, dereva, mfuaji, mtu anayejua bosi amelipa nini na hajalipa nini. Akawa mtu Mweusi wa kwanza kuwa na nafasi ya kudumu kwenye kipindi cha redio kilichosikika Marekani nzima.

Mara nyingi Rochester hayuko studioni na wenzake. Yuko nyumbani na anapiga simu. Benny anapokea, Rochester anajitambulisha, na kabla mazungumzo hayajaisha bosi amejulishwa jambo ambalo hakutaka taifa lijue: nywele zake za bandia ziko wapi, ni lini mara ya mwisho mshahara ulilipwa. Halafu simu inakatwa na bosi anabaki na mkono wa simu. Nimezisikiliza simu hizi mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Waya unampa mtumishi kitu ambacho chumba kimoja hakiwezi kumpa: umbali. Uso wa bosi hauonekani, kwa hiyo hauwezi kumnyamazisha. Na kicheko cha Anderson, kile cha kukwaruza kinachopanda mwishoni, ni kicheko cha mtu anayejua siri.

Nitaeleza kwa nini sehemu hii inanigusa. Mathe wangu alifanya kazi za nyumba hapa Nairobi kwa miaka mingi: kufua, kupika, kulea watoto wa watu. Jioni alipofika kejani alikuwa anatuigizia mwajiri wake. Jinsi anavyohesabu vipande vya nyama kwenye friji. Jinsi anavyochora mstari wa kalamu kwenye chupa ya mafuta ya kupikia ili ajue imeshuka kiasi gani. Tulicheka hadi machozi, na yeye alikuwa na kipaji hasa. Alijua mahali pa kunyamaza. Lakini kicheko hicho kilikuwa na saa zake. Kilianza aliposhuka matatu jioni na kuisha alipopanda nyingine alfajiri. Mbele ya mwajiri ilikuwa ni ndiyo madam, sawa madam. Rochester alikuwa anasema yale ya jioni mbele ya bosi mwenyewe, Jumapili saa moja usiku kwa saa za New York, na taifa zima likichekea upande wake.

Ili ujue lilikuwa jambo kubwa kiasi gani, tazama majirani zake hewani. Kipindi kilichotikisa redio ya Marekani kabla ya Benny kilikuwa Amos 'n' Andy, kilichoanza 1928. Kilihusu wanaume wawili Weusi. Waliokiandika na kukiigiza, Freeman Gosden na Charles Correll, walikuwa Wazungu. Mwaka 1944 akaja mtumishi wa nyumbani aitwaye Beulah, mwanamke Mweusi mchangamfu, kwenye kipindi cha Fibber McGee and Molly. Aliyemwigiza alikuwa Marlin Hurt, mwanamume Mzungu. Studioni Hurt alisimama akiwapa watazamaji mgongo, kisha akageuka ghafla kwenye maikrofoni na kutoa sauti ya Beulah. Watu walipasuka kwa kicheko, na kicheko chenyewe kilikuwa cha kugundua kwamba mwanamke Mweusi waliyemsikia hakuwepo kabisa. Mzaha ulianza kwa kumwondoa mwenyewe chumbani. Mwaka 1945 Beulah akapewa kipindi chake, na ni baada ya Hurt kufariki ndipo hatimaye, mwaka 1947, mwanamke Mweusi, Hattie McDaniel, akapewa nafasi hiyo.

Nikisoma habari za Hurt huwa naufikiria ukurasa wangu wa TikTok. Mara ngapi nimekutana na jamaa aliyejifunga kilemba na leso kiunoni, akibana pua, akiigiza mboch wa kutoka magharibi au ukambani, haelewi jiko la gesi, anaogopa mashine ya kufulia? Video moja inatazamwa na watu wengi kuliko watakaowahi kusoma makala haya. Mimi pia nimecheka nyingine, kwa sababu kuna walio na kipaji. Lakini ni Marlin Hurt aliyegeuka. Aliyeigizwa hayupo chumbani, na hana simu ya kumpigia bosi hewani.

Kwa hiyo Eddie Anderson, mtu Mweusi akiwa na sauti yake mwenyewe, akimshinda bosi wake Mzungu kila wiki, ni hatua kubwa. Ningependa kuishia hapo. Rekodi hazikubali.

Ukisikiliza vipindi vya kabla ya vita, Rochester anamshinda bosi, ndiyo, lakini pia ni mcheza kamari, mpenda gini, mvivu, mfukuza wanawake. Ni vile vile viraka vya zamani ambavyo jukwaa la Wazungu waliojipaka masizi usoni lilimshonea mtu Mweusi. Waliomwandikia maneno walikuwa wanaume Wazungu. Anderson alikuwa na umahiri wa kuyavuta maneno hayo na kuyapa maana isiyokuwa kwenye karatasi, na unasikia wazi anapofanya hivyo. Bado karatasi si yake. Baada ya vita, dunia ilipojua yaliyowapata Wayahudi Ulaya, kipindi kiliondoa sehemu kubwa ya mizaha hiyo. Benny, mtoto wa Kubelsky, hakuhitaji kufafanuliwa mzaha wa kabila huishia wapi. Rochester wa mwisho wa miaka ya 1940 ni mtu mwingine: mwerevu, mtulivu, mtu mzima pekee katika nyumba ya watoto. Lakini mwaka 1950 waandishi walirudisha mswada wa kabla ya vita, pamoja na uchafu wake, na wasikilizaji Weusi wakaandika kulalamika. Uchafu haukuwa umetupwa. Ulikuwa kabatini.

Nje ya studio Anderson alikuwa tajiri. Katika miaka ya 1940 alitajwa kuwa miongoni mwa waigizaji Weusi waliolipwa zaidi Marekani. Wakati wa vita aliwekeza kwenye kiwanda cha miavuli ya kurukia ndegeni huko San Diego. Alimiliki farasi wa mbio aliyeshiriki Kentucky Derby mwaka 1943 na kumaliza wa mwisho. Farasi huyo aliitwa Burnt Cork, maana yake kizibo kilichochomwa, yale masizi yenyewe ambayo wachekeshaji Wazungu walijipaka ili wawe watu Weusi. Katika saa zote nilizosikiliza sijapata mzaha mkali kuliko jina hilo, na huu hakuandikiwa na mtu.

Halafu kuna pesa za Benny. Yeye na washirika wachache walikuwa na kampuni iliyobeba kipindi. Enzi hizo kodi ya mapato kwa matajiri wakubwa ilimeza zaidi ya robo tatu ya kila dola ya juu, ilhali faida ya kuuza mali ilikatwa takriban robo tu. Kwa hiyo badala ya kulipwa mshahara mkubwa, unauza kampuni. NBC walisita. William Paley wa CBS hakusita. Alitoa zaidi ya dola milioni 2, na Januari 1949 kipindi kikahamia CBS, na wasikilizaji wakahama nacho. Yule bahili mjinga wa hewani, anayeshindwa na kila karani, alikuwa amefanya moja ya biashara kali zaidi katika historia ya redio.

Simlaumu. Ila hapo ndipo ninapoiona tofauti waziwazi. Benny alichekwa kwa sababu alichagua kuchekwa. Kila tusi lililomwangukia lilipitia mikononi mwake kwanza; alilisoma, akalikubali, akalilipia. Kisha thamani ya matusi yote ikajikusanya kwenye jina lake, na jina likauzwa. Rochester alimshinda bosi kila Jumapili kwa karibu miaka kumi na minane ya redio, na Jumatatu iliyofuata bado alikuwa anamfulia. Bosi aliyekubali kuchekwa bado ni bosi. Wakati mwingine ni bosi imara zaidi, kwa sababu nani atamgomea mtu anayejicheka hivyo?

Nimejaribu kuona kama hitimisho hilo linaiua furaha yangu, na haliiui. Benny alielewa jambo ambalo wachekeshaji wengi, wa kwao na wa kwetu, hawajalielewa mpaka leo: mwenye maikrofoni ana nguvu, na akiitumia nguvu hiyo kumcheka asiye na maikrofoni, anafanya kazi rahisi. Alichukua njia ngumu akaifanya ionekane rahisi hadi 1955 redio ilipomwishia, kisha miaka mingine kumi kwenye televisheni. Ninachomdai ni kwamba aliishia katikati. Alimpa Anderson vicheko. Kalamu ilibaki kwa wengine, na jina kwenye mlango likabaki lake.

Na ninachowadai wa kwetu ni kidogo kuliko hicho. Jamaa wa kilemba, hebu siku moja muigize yule anayechora mstari kwenye chupa ya mafuta. Mwigize vizuri, na nywele zake, na Kiingereza chake cha simu. Watazamaji utawapata. Kuna nyumba nyingi Nairobi ambamo mzaha huo umekuwa ukifanyiwa mazoezi kila jioni kwa miaka.

Ukitaka kumsikia Benny, usianze na kile kisa cha mkora. Kinahitaji umjue kwanza. Anza na ile Pasaka ya 1937, miaka kumi na mmoja kamili kabla yake. Benny yuko kwenye treni akirudi California na anataka kujua watafika lini Albuquerque. Mhudumu, mwenye ile sauti ya mabati, anamjibu kana kwamba mji huo hajawahi kuusikia. Benny anasisitiza. Mhudumu haamini. Huyu hajawa Rochester bado, hajaandikiwa kamari wala gini, hana hata jina. Ni mfanyakazi mmoja na abiria mmoja mwenye majivuno, na dakika mbili hazijaisha abiria ameanza kuishuku ramani.